Barua ya wazi kwa mnaotuleta jangwani: mgeni mpeni wiki mbili za kuzoea kabla hamjampa chepe

Kwenu wakubwa, shikamoo kwa wanaostahili shikamoo na salamu kwa wengine wote.

Nawaandikia kwa pamoja maana kila nikimuuliza mmoja ananisukumia kwa mwenzake. Mawakala mnaotafuta watu Dar, Tanga, Mombasa na Nairobi, maofisa mnaogonga mihuri kwenye mikataba, watu wa balozi zetu hapa Muscat, na nyinyi mameneja wa hizi kampuni ndogo ndogo zinazopewa vikazi na zile kubwa za mafuta huku katikati ya Oman, barua ni yenu nyote na atakayeona haimhusu ajue ndo inamhusu zaidi. Leo sizungumzii mshahara. Mshahara una barua yake na hiyo ntaiandika siku nikiwa na hasira. Leo naongelea kitu kimoja tu, zile wiki mbili za mwanzo mtu mgeni anapotua kambini, jinsi mnavyozichezea, na hasara inayokuja baadae ambayo mnailipa nyinyi wenyewe bila kujua inatoka wapi.

Mi ni fundi wa kuchomelea, mtu wa Tanga. Kambi yetu ipo kusini ya Haima ukiwa unaelekea Thumrait, unaacha lami unaanza kula changarawe na vumbi mpaka unakuta matangi ya maji na mistari ya vyumba vya kontena. Kwa asiyejua, Haima ndo makao makuu ya mkoa wa Al Wusta, ila usije na picha ya makao makuu ya mkoa kichwani, ni vituo vya mafuta, vimgahawa vya chapati na chai ya maziwa, polisi, benki, basi umemaliza. Kutoka Muscat mpaka Salalah ni kama kilomita 1000 na sisi tupo humo katikati ambapo watu wanapita tu wakiwa wamefunga vioo. Ukielekea magharibi huko mwisho unakutana na Rub' al Khali, ile Robo Tupu, na jina lake halijatia chumvi.

Sasa kwa vile nimekaa muda, naongea Kiingereza cha site na Kihindi cha kuombea maji na bisibisi, kila wakiletwa Watanzania, Wakenya au Waganda naitwa mimi, "wasaidie hawa watu wenu". Silipwi kwa hiyo kazi na sio shida, mtu wa kwenu ni mtu wa kwenu. Ila nimewapokea wengi kiasi kwamba sasa naweza kukwambia mtu akishuka tu kwenye basi huyu atamaliza mkataba au huyu ataomba kurudi kabla hata kadi ya ukaazi haijatoka, na mara nyingi haihusiani na uvivu wala ushujaa wa mtu, inahusiana na alivyopokelewa.

Utaratibu wenu nyinyi mnaujua ila acha niuandike wasomaji wengine waujue. Ndege inatua Muscat usiku. Mtu hajalala, hajala vizuri, kashika bahasha ya kaki yenye makaratasi kifuani kama katoto kachanga. Anawekwa kwenye basi, safari ya kutwa nzima, njiani anaona ngamia na milima ya mawe halafu milima nayo inaisha panabaki bapa, mpaka jicho linakosa pa kushika. Akifika anapigwa picha, anapewa ovaroli, buti, helmeti na ndoo, anakaa kwenye semina ya usalama ambayo inaendeshwa kwa Kiingereza cha haraka kikichanganywa na Kihindi, anasaini karatasi kwamba ameelewa, na kesho yake saa kumi na nusu alfajiri basi la kwenda site linapiga honi na yeye yumo ndani. Siku ya kwanza. Mtu kutoka Lushoto ambako asubuhi anavaa sweta, leo kapewa chepe achimbe mtaro wa bomba.

Nimetaja Lushoto kwa makusudi. Kuna dogo wa huko, jina lake namstahi, aliletwa na kampuni moja hapa jirani mwezi wa sita katikati. Mwili mzuri tu, mtu wa kubeba magunia ya viazi. Siku ya pili kazini kichwa kikaanza kumuuma, akasikia kichefuchefu, miguu haina nguvu. Sasa mtu wa kwetu akisikia hivyo anajua ni nini? Malaria! Akajiambia hii nimekuja nayo kutoka nyumbani, akameza panadoli mbili alizokuwa nazo mfukoni akarudi mtaroni, kwa sababu kwetu malaria ya kawaida mtu anaenda nayo shamba. Hakumwambia mtu. Fomani wake Mbangladeshi wa watu hakujua Kiswahili na dogo hajui Kibangla, na Kiingereza wote wawili ni cha "yes yes". Baada ya kama saa moja akaanza kuongea vitu havieleweki, anamuita fomani kwa jina la kaka yake, na ngozi imekauka inachoma ukiigusa. Ndo wakaamka kumkimbiza kliniki ya kambi, wakamlaza kwenye maji na barafu. Amepona, mshukuruni Mungu, lakini aliporudi chumbani hakuwa yule tena, alikuwa anaogopa mlango. Akaomba kurudi. Tiketi mkamkata yeye mwenyewe kwenye hela yake, hapo sisemi zaidi.

Hiyo haikuwa bahati mbaya, na ndo maana naandika. Mwili wa binadamu unajifunza joto. Sio hadithi za mtaani hizi, mwili ukipewa muda unaanza kutoka jasho mapema, jasho jingi zaidi na lenye chumvi kidogo, damu inaongezeka maji, moyo haupigi tena kama unakimbizwa, na kujifunza huko kunachukua wiki moja mpaka mbili. Wamarekani kwenye kituo chao cha utafiti wa usalama kazini, NIOSH, wana kanuni rahisi hata mtoto wa darasa la tano anaielewa: mtu mpya siku ya kwanza afanye asilimia 20 tu ya kazi kwenye joto, kila siku umuongezee isizidi asilimia 20. Mzoefu aliyetoka likizo naye anaanza na nusu, kesho yake asilimia 60, inafuata 80, siku ya nne ndo anashika kazi yote, kwa sababu mwili ukikaa mwezi kwenye baridi unasahau. Na idara yao nyingine ya OSHA inasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini vinatokea siku ya kwanza ya mtu kazini, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Soma tena hapo. Siku ya kwanza, wakubwa, kabla mtu hajajua choo kiko wapi.

Najua mtaniambia Oman kuna sheria. Ipo, na ni nzuri, kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 31 Agosti hakuna kazi ya juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu alasiri, na site yetu wanaifuata, nawapa haki yao. Lakini ile sheria inaangalia saa, haimwangalii mtu. Dogo wa Lushoto hakuanguka saa saba, alianguka saa nne na nusu asubuhi! Na yule anayeletwa katikati ya mwezi wa tano, jua tayari limeshapanda vizuri na sheria bado haijaanza. Mzoefu saa nne asubuhi anatania watu anaimba, mgeni saa hiyo hiyo anaona mbili mbili, na wote wawili wamepewa chepe la saizi moja na fomani anawapimia kwa jicho moja.

Kwahiyo ombi langu kubwa ndo hilo, wiki mbili. Na sijasema wiki mbili za kulala. Mgeni wiki ya kwanza anaweza kufanya kazi ya stoo, kupanga vyuma kwenye kivuli, kusaidia kwenye karakana, kufagia, kubeba vifaa asubuhi mapema halafu akapumzika jua likikolea, huku akipewa saa moja zaidi kila siku. Kazi za hivyo zipo kila siku na tena mnawapa watu wazoefu wenye mshahara mkubwa, mnapoteza. Mkisema ratiba haiwezi, mi nawajibu ratiba iliweza kusimama siku nzima wakati wa uchunguzi wa dogo, watu wote tumekaa kwenye basi AC inanguruma tukisubiri mabosi waje na makamera yao.

Halafu lugha. Hapa nawaomba mniskilize vizuri maana hili halina gharama hata baisa moja. Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tuna bahati ambayo Mnepali hana na Mbangladeshi hana: hii nchi imejaa Waomani wanaoongea Kiswahili. Sio wawili watatu. Familia zilizotoka Zanzibar na Pemba baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa waliorudi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 akaita watu wake wenye elimu waje kujenga nchi, watoto wao na wajukuu wao wapo kwenye maofisi, mahospitali, polisi, na kwenye mafuta ndo usiseme. Kambini kwetu tuna mmoja mtu wa usalama, tunamwita Ami, kazaliwa Muscat lakini Kiswahili kakinyonya kwa mama, anasema "nnakwenda" na "siku hizo" kama mtu wa Mji Mkongwe kabisa. Zamani alikuwa anapita tu na gari. Siku moja kakuta vijana wetu wapya wamesimama upande usiofaa wa upepo karibu na kisima cha mafuta, akashuka akawafokea kwa Kiswahili, watu walishtuka kama wamesikia mizimu.

Akawakalisha chini ya kivuli cha gari akawaeleza gesi ya H2S, ile ya sumu inayotoka kwenye visima vya mafuta. Sasa hii gesi kwenye semina tuliambiwa, kwenye kadi imeandikwa, ila ukimuuliza kijana anakwambia "ni gesi inanuka mayai viza, ukisikia harufu ukimbie". Ami akawaambia hapana wanangu, nusu yake ndo hiyo, nusu nyingine ndo inayoua: ikiwa kidogo unaisikia, ikizidi inaua pua kwanza, husikii kitu, unadhani imeondoka kumbe umo ndani yake. Kwahiyo usitegemee pua, tegemea kile kidude cha kifuani kinacholia, kikilia angalia mfuko wa upepo ule wa rangi ya chungwa, kimbia kwa kukata upepo kisha elekea kule upepo unakotokea, na mwenzio akianguka usiende kumuokoa bila mtungi wa hewa maana mtalala wawili. Dakika kumi. Wale vijana mpaka leo ukiwaamsha usiku wanaisema yote. Walikuwa wameshasaini karatasi ya "nimeelewa" muda tu.

Mna Ami wangapi kwenye kampuni zenu? Waulizeni. Wengine wamestaafu wapo Seeb wanakunywa kahawa na wangefurahi kuitwa mara moja kwa mwezi kuongea na vijana kwa Kiswahili, wengine mna nao ofisini na hamjui kama wanaongea Kiswahili maana hamjawahi kuuliza. Na yale mabango, ukutani chooni kuna lile bango la rangi za mkojo, kama mkojo wako mweupe uko salama, ukiwa rangi ya chai kanywe maji haraka, lipo kwa Kiingereza, Kihindi, Kiurdu na Kiarabu, na chini kuna kanafasi keupe kabisa kanatosha Kiswahili.

Mkataba nao. Sheria ya kazi ya Oman, ile ya Amri ya Sultani namba 53 ya mwaka 2023, inataka mkataba uwe wa Kiarabu na kama ni lugha nyingine basi nakala ya Kiarabu iwepo. Hakuna anayewazuia kuambatanisha karatasi ya tatu ya Kiswahili. Mtu anasaini Dar akijua anakuja kuwa fundi msaidizi, akifika hapa karatasi inasema kibarua wa kawaida, na yeye hajui mpaka mwezi uishe. Sheria hiyo hiyo inasema masaa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, na inakataza mwajiri kushika paspoti ya mfanyakazi bila yeye mwenyewe kukubali kwa maandishi, sasa mnajua mnavyofanya, ile karatasi ya kukubali mnaichomeka katikati ya fomu ya ovaroli na fomu ya godoro, mtu anasaini zote na usingizi. Mawakala nyumbani mngemueleza hili kabla hajapanda ndege ingewagharimu nini? Ile semina yenu ya kuaga watu mnatumia nusu yake kupiga picha na bendera.

Niongee na vitu vidogo kidogo maana huku ndo watu wanapovunjikia. Simu. Mgeni akifika hana laini, kampuni inamwambia subiri kadi ya ukaazi itoke, kadi inachukua wiki kadhaa, huku nyumbani mama mtu anajua mwanae kapanda ndege halafu kimya. Mitaani kwetu hadithi za Uarabuni mnazijua zilivyo. Kuna mama mmoja alishaanza kuitisha kikao cha ukoo mtoto kauzwa, kumbe mtoto yupo hapa chumbani kwangu anacheza karata. Wakati pale pale uwanja wa ndege Muscat laini za wageni zinauzwa kwa paspoti, mtu anatoka nayo hapo hapo. Basi lisimame robo saa. Kama mnaona rial chache za laini ni nyingi mkate kwenye mshahara wa kwanza, hakuna atakayekataa.

Na mshahara wa kwanza wenyewe, mnafunga hesabu katikati ya mwezi, aliyefika tarehe 22 anakaa mpaka mwisho wa mwezi unaofuata, akaunti ya benki nayo inasubiri hiyo hiyo kadi. Mtu huyu ameuza bodaboda yake au kakopa vikoba, nyumbani wanahesabu siku. Hana hata hela ya sabuni. Mnafanya aanze maisha ya kambi kwa kukopa kwa rumeti, na rumeti wengine wanakopesha kwa riba, hilo mlikuwa hamjui nawaambia sasa. Mpeni rial 20 siku ya pili, muandike, mumkate taratibu.

Maji ya kuoga, hili linachekesha lakini subirini. Kiangazi tangi lipo juu ya paa linapigwa na jua kutwa, jioni ukifungua koki ya maji baridi yanatoka maji ya kupikia chai. Wazoefu tunajua, unazima hita tangu mwezi wa tano, lile pipa la hita lipo ndani kwenye AC kwahiyo maji yake yanapoa, unaogea koki nyekundu. Koki ya moto ndo ya baridi, ya baridi ndo ya moto, mpaka mwezi wa kumi. Mgeni hajui, anaungua mgongo siku ya kwanza, anadhani ni kawaida, anaacha kuoga, na mtu asiyeoga kwenye joto hili anatoka vipele vya jasho mwili mzima, hapo hapo mnamwandikia barua ya utoro kazini kwa sababu ovaroli inamkwaruza hawezi kuinama. Mistari mitano kwenye karatasi ya kumkaribisha mgeni ingetosha: koki, kung'uta buti asubuhi sababu ya nge, usitembee peke yako nje ya uzio hata kama unaona taa za kambi ya jirani maana jangwani taa ya kilomita 15 unaiona kama ya hapo mtaa wa pili, kunywa maji hata kama huna kiu, na zile pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji sio za wagonjwa wa kuhara tu.

Chakula sitasema sana. Watu wa pwani hawana shida, biriani, chapati, dengu, samaki, ni vya nyumbani tu pilipili ndo zimezidi. Wa bara ndo wanateseka, mtu wa Mbeya au wa Kisumu wali siku saba mfululizo anaona kama hajala mwezi. Mpishi wetu Mhindi wa Kerala nimeshamfundisha kusonga ugali na anausonga vizuri kuliko baadhi ya watu nisiowataja. Unga wa sembe unapatikana Muscat kwenye maduka ya Waafrika. Ijumaa moja moja tu jamani, sio kila siku.

Mwezi wa Ramadhani mgeni asiye Mwislamu aambiwe mapema na kwa heshima kwamba mchana hali wala hanywi mbele za watu hadharani, na aonyeshwe pale mnapomruhusu anywe maji, maana bila kuonyeshwa anakaa na kiu kwa woga na hiyo ni hatari ile ile ya mwanzo. Na hawa hawa wenzetu Wakristo, msikiti tunao kambini na nashukuru, wao makanisa yapo mbali huko Ruwi, Ghala na Salalah, hawawezi kufika. Wanahitaji chumba kimoja Ijumaa asubuhi, wasali kimya kimya kwa utulivu wao. Nimewaombea mara nyingi, jibu ni "tutaona".

Mtu akipita wiki hizo mbili salama, jangwa lenyewe sio adui. Hilo nataka mawakala muache kuwadanganya watu kwa pande zote mbili, kuna mnaowaambia Oman ni Dubai ndogo na kuna mnaowatisha ili wakubali chochote. Kuna asubuhi huku ukungu wa bahari unatembea mpaka kwenye tambarare hizi, unaamka magari yote yameloa kama mvua imenyesha na haijanyesha miezi, na wafugaji wa hapa, kabila la Harasi, wanakwambia ndo maana swala weupe wenye pembe ndefu waliweza kuishi hapa bila mto. Desemba usiku tunavaa makoti tunakaa nje tunachoma mishkaki na Waomani wanaita hivyo hivyo mishkaki. Mpira wa changarawe Ijumaa jioni, Waganda walinzi wa geti wanatufunga kila wiki. Watu wanaishi. Ila anayefika hapo ni yule aliyevuka mwanzo.

Jambo la mwisho na hili ni la mawakala na mameneja kwa pamoja, kwa nini watu wengi mnawaleta Mei, Juni na Julai? Najua, miradi inasainiwa mwanzo wa mwaka, viza zinachukua miezi, mpaka mtu anafika ni jua kali. Ingieni hesabu upya. Mtu akiletwa Oktoba au Novemba mwili wake unapanda pole pole pamoja na hali ya hewa, mpaka Juni inafika ameshakuwa mtu wa hapa. Mkifanya hivyo hata hizo wiki mbili ninazozipigia kelele zinakuwa rahisi.

Nimesikia kuna kundi lingine linakuja kabla ya kiangazi hakijaisha, wengi wao wa nyanda za juu. Lisogezeni mpaka Oktoba. Kama tayari mmeshakata tiketi na haliwezi kusogezwa, basi nipeni taarifa siku tatu kabla, nijue ni wangapi, wanatoka wapi, nani kati yao anameza dawa za presha maana zile za kukojoza ni balaa kwenye joto hili na daktari wa kambi inabidi ajue, na mumuachie Ami ratiba yake siku hiyo awe hapa asubuhi. Vitanda tutapanga sisi.

Wenu,
Fundi wa kuchomelea, kusini ya Haima